Jikoni na Wasomaji: Kopo, Debe au Sufuria?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni msomaji wako wa Nachingwea, mkoani Lindi. Ninauza mikate ya ndizi na ya unga wa mahindi, ambayo huiumua kwa beking pauda, lakini sina vyombo vya kuokea. Nimekusanya makopo ya maziwa ya unga. Jirani amenipa makopo mawili ya rangi aliyoyachoma motoni hadi yakatakata. Na fundi bati yuko tayari kunitengenezea vyombo kwa mabaki ya bati la kuezekea. Kipi nioke nacho, na kipi kinafaa kwa mvuke?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Makopo ya rangi hayana mjadala: yapandie maua. Rangi, hasa za zamani, huweza kuwa na madini ya risasi, na moto wa jirani yako huunguza utando unaoonekana lakini hauiondoi risasi.

Bati la kuezekea nalo limepakwa zinki. Rojo lenye ndizi mbivu au maziwa mgando lina uchachu unaoyeyusha zinki, na zinki ikizidi chakulani humtapisha mlaji. Mwombe fundi wako atumie debe safi lililokuwa na mafuta ya kula, tena asilehemu viungo bali avikunje na kuvigonga, kwa sababu risasi ya kulehemu iliyozoeleka ni mchanganyiko wa madini ya bati na risasi unaoanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi, ilhali mkate huokwa kwenye nyuzi 180, na makaa yakipaliwa juu ya mfuniko joto hupanda zaidi ya hapo. Kona zilizokunjwa huenda zikavuja maji, lakini rojo zito halipiti kirahisi, hasa ukitandika karatasi ya kuokea ndani yake.

Makopo yako ya maziwa ndiyo hazina, ila mimi ningeyaweka kwa mvuke kuliko moto mkavu, kwa kuwa joto la mvuke wa sufuria halizidi nyuzi 100 na hivyo haliunguzi maandishi ya nje. Chungulia ndani kwanza: penye utando mweupe wa plastiki, au penye kutu, acha. Kisha tazama mdomo. Makopo mengi ya maziwa yana pete ya bati inayoshikilia mfuniko, nayo huufanya mdomo kuwa mwembamba kuliko tumbo, kwa hiyo mkate ukishaumuka hautoki mzima. Fundi aikate pete hiyo na aukunje ukingo usije ukakukata vidole.

Namna ya kupika ni hii. Paka mafuta, jaza rojo hadi theluthi mbili tu, funika kwa karatasi iliyopakwa mafuta au jani la mgomba lililobabuliwa, ufunge kwa uzi. Simamisha kopo juu ya kisahani kilichogeuzwa ndani ya sufuria ndefu, mimina maji yanayochemka hadi nusu ya kimo cha kopo, na uongeze mengine ya moto kila yanapopungua, kwani maji baridi hukatiza mvuke na mkate hubonyea katikati. Kopo la lita 1 huhitaji muda wa saa 2 hivi. Usishangae mkate kubaki bila rangi ya kahawia juu. Mvuke hauwezi kuitoa. Kule New England, Marekani, mkate wa mahindi, rai (nafaka ya jamii ya ngano) na molasi umepikwa hivyo kwa miaka mingi ndani ya makopo ya kahawa.

Kwa mikate midogo ya kuuza mmoja mmoja, vikombe vya bati visivyobanduka rangi, vibakuli vya kauri, hata vifuu vya nazi vilivyokwanguliwa vikawa laini, vyote vinastahimili mvuke.

SWALI: Mama, nipo Mikindani. Maelekezo niliyonayo yanataka chombo cha mraba cha sentimita 20, nami nina sufuria za duara tu. Nikioka katika sufuria yangu nyembamba na ndefu, kando huungua na katikati hubaki bichi.

JIBU: Chukua sufuria yenye upana wa sentimita 23, eneo lake linakaribiana sana na la mraba wako. Ukiwa na shaka juu ya chombo chochote, kipime kwa maji: rojo la lita 1 lataka chombo cha lita 1 na nusu. Sufuria ndefu huliweka rojo katika kina kirefu ambacho joto huchelewa kukifikia, kwa hiyo ligawe katika vyombo viwili vifupi, kisha kila kimoja ukiweke juu ya vijiwe ndani ya sufuria kubwa iliyotandazwa mchanga mkavu. Makaa yawe machache chini na mengi juu ya mfuniko.