Kutazama ndege Kakamega nusu siku: kuna haja ya mwongozaji?

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kumlipa mwongozaji msitu wa Kakamega ilhali darubini unayo na kitabu cha ndege unacho. Lipa. Ingekuwa Ziwa Nakuru ningekwambia uokoe pesa zako, maana kule flamingo na mwari unawaona ukiwa umekaa garini. Msituni mambo ni tofauti. Miti imefungana, ndege anapita kama kivuli, na kitabu hakina msaada kwa ndege ambaye hujamwona. Mwongozaji unamlipia masikio.

Siku moja upande wa Isecheno tulisimama mahali ambapo mimi niliona majani tu. Mwongozaji akainua kidole: "Siafu." Nami mbio nikatazama miguu yangu! Kumbe amesikia ndege wadogo wakilia pamoja karibu na ardhi. Jeshi la siafu likipita, panzi na buibui hutimka kutoka kwenye majani makavu, na ndege hulifuata wakiwadaka hao wanaotoroka. Siafu wenyewe ndege hawana haja nao. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko kwingine kote, na ndipo nilipoona aina nyingi zaidi asubuhi ile. Peke yangu ningepita tu. (Suruali ichomeke ndani ya soksi, tafadhali.)

Hondohondo hahitaji mtaalamu, mabawa yake yanavuma kama mvukuto wa mhunzi. Ila tundu la mti ambamo jike amejifungia, akaacha ufa mwembamba wa kupokelea matunda kutoka kwa dume, hilo utaonyeshwa. Kulukulu yule mkubwa wa buluu, wa sentimita 75 hivi, mtafute kwenye mikuyu yenye matunda. Hukimbia juu ya matawi kuliko anavyoruka.

Anzeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mmalize kabla ya saa sita. Ndege hula asubuhi, na mchana Kakamega mvua ya radi haibishi hodi. Kutoka Kisumu mnakata kona Khayega kuelekea Shinyalu, kwa hiyo ondokeni alfajiri au mlale huko. Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu, iko chini ya shirika la wanyamapori, KWS. Isecheno ni ya huduma ya misitu, KFS. Kiingilio na malipo ya mwongozaji ni vitu viwili, mpatane kabla ya kuingia.

Ninachopinga ni kumwita ndege kwa sauti zilizorekodiwa kwenye simu. Ndege anadhani mpinzani ameingia kwake, anaacha makinda aje kupigana na spika. Nilishatembea na mwongozaji mmoja aliyerudia sauti ile ile mpaka ndege akanyamaza kabisa, na sikumtafuta tena. Mwambie wako mapema kwamba hutaki, hata kama orodha yako itakuwa fupi. Msitu una aina zaidi ya 300, nusu siku haitazimaliza hata ufanyeje.

Ukimpigia simu, usianze na bei. Muulize wiki hii amesikia nini na wapi. Akikutajia ndege na njia alizowasikia, mchukue. Akikuhakikishia kwamba keremkerem kichwa-buluu lazima utamwona, tafuta mwingine.