Paka ananyonyoka manyoya, kidonda hana, viroboto hatuvioni: nimpake nini?

SWALI: Shikamoo dokta. Nina paka wa kike, ana kama miaka minne, mweupe ana mabaka meusi, tunakaa nae ndani huku Tabata. Tangu masika yaanze manyoya yalianza kupungua tumboni na mapajani kwa ndani, nikadhani ni joto, sasa hivi yamefika mpaka kiunoni karibu na mkia na ngozi inaonekana kabisa ila haina kidonda. Kula anakula vizuri, dagaa na wali, na simuoni akijikuna. Viroboto nimetafuta sijaona hata mmoja. Jirani ananiambia nimpake oili chafu, na duka la dawa za mifugo wameniuzia dawa ya kuogeshea ng'ombe na mbwa wakasema nichanganye kidogo tu, bado sijaitumia. Kinachonitia hofu zaidi, mwanangu wa darasa la pili analala nae na juzi nimemuona ana kiduara mkononi kinamuwasha. Baba yao anasema paka atoke. Nisaidie dokta, huyu paka tunampenda sana.
Mama wa wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Kwanza kabisa hiyo dawa ya kuogeshea ng'ombe iweke mbali kabisa, usiichanganye hata kidogo. Nyingi ya hizo dawa zina permethrini, saipamethrini au amitrazi, soma lebo, ukiona jina linaloishia na "thrin" au ukiona amitraz basi hiyo sio ya paka. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja permethrini kama ini la mbwa linavyofanya, kwa hiyo dawa ambayo mbwa anaogeshwa na kuendelea na maisha yake, paka inamletea kutetemeka, mate kumtoka na degedege mpaka anakufa. Na paka ukimpaka kitu hakikai kwenye ngozi tu, anajilamba mpaka kiishe, kwa hiyo chochote unachompaka hesabu umemnywesha. Ndio maana oili chafu hapana, mafuta ya taa hapana, na zile dawa za kuua vijidudu ambazo ukizitia kwenye maji yanageuka meupe nazo hapana. Panadol pia asipewe hata kipande, inaua paka. Kama kuna msomaji ameshampaka paka wake dawa ya mbwa, amuoshe sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo halafu akimbie nae kwa daktari, asisubiri aone kama atatetemeka, na kama ameshaanza kutetemeka basi aende moja kwa moja.

Sasa tuje kwenye manyoya yenyewe. Kitu cha kujua mwanzo kabisa ni kama manyoya yanadondoka yenyewe au paka anayatoa mwenyewe kwa kujilamba. Unasema humuoni akijikuna, na hapo ndipo wengi wanapopotea, paka akiwashwa mara nyingi hakuni bali analamba, na anaweza kulamba usiku au chini ya kitanda mnakuwa hamuoni kitu, wenye nyumba wanaona tu ni paka msafi. Pitisha kidole sehemu iliyopungua, ukisikia vinywele vifupi vinavyochomachoma ujue vimekatwa na ulimi. Angalia pia kama anatapika mabonge ya manyoya au choo chake kimejaa nywele. Daktari akichukua vinywele vichache akavitazama kwenye hadubini anaona ncha zimevunjika au bado ni nzima, ni kipimo cha bei ndogo na kinaokoa kubahatisha kwingi.

Kwa paka wako, nikiangalia sehemu ulizotaja, yani tumbo, mapaja kwa ndani na kiunoni kwenye shina la mkia, mtuhumiwa wangu wa kwanza bado ni kiroboto hata kama hujamuona. Kuna paka wenye aleji na mate ya kiroboto, hao hawahitaji viroboto mia, wakiumwa mara chache tu wanawashwa siku nyingi, na kwa vile wanajilamba sana wanawameza hao viroboto, ndio maana ukitafuta hupati. Fanya hivi: chukua kitana cha chawa, mchane kiunoni na shingoni, kile kivumbi cheusi kitakachotoka kiweke kwenye tishu nyeupe iliyolowa maji. Kikianza kutoa rangi nyekundu ya kutu basi hicho ni kinyesi cha kiroboto, ni damu ya paka wako iliyomeng'enywa. Kivumbi kikibaki cheusi ni uchafu wa kawaida, ila bado haimaanishi viroboto hawapo. Na ukiona vitu kama punje za mchele karibu na haja kubwa hiyo ni minyoo ya tegu ambayo anaipata kwa kumeza kiroboto, basi ushahidi mwingine huo.

Watu wanashindwa na viroboto kwa sababu wanamtibu paka na kuiacha nyumba. Kiroboto jike anataga mpaka mayai 40 au 50 kwa siku na hayo mayai hayakai mwilini, yanadondoka kwenye godoro, kapeti, sofa, mkeka, nyufa za sakafu, yanakuwa buu halafu pupa, yani kiroboto mchanga aliyejifungia kwenye kifuko, na pupa anaweza kutulia humo miezi kadhaa akisubiri mnyama apite. Wale unaowaona kwenye paka ni sehemu ndogo sana ya waliomo ndani. Na huku kwetu Dar joto na unyevu upo mwaka mzima, hakuna baridi ya kuwapunguza, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Tumia dawa ya matone ya shingoni iliyoandikwa kabisa kwamba ni ya paka na inalingana na uzito wake, kwa mfano yenye selamektini au fipronili, kila mwezi kwa miezi isiyopungua mitatu, na wanyama wote wa nyumba hiyo watibiwe siku moja. Mashuka na kitambaa anacholalia fua kwa maji ya moto uanike kwenye jua kali, na fagia chini ya makochi kila siku. Usikate tamaa wiki ya pili ukiona bado wapo, ni wale waliokuwa pupa wanatoka.

Kuhusu mtoto, hilo usilisubirishe. Kiduara kinachowasha kwa mtoto anayelala na paka anayenyonyoka manyoya kinaweza kuwa fangasi, ile ile jamii ya mapunye, na fangasi wa paka anaitwa Microsporum canis anahamia kwa binadamu kirahisi, hasa watoto. Mpeleke mtoto kituo cha afya na umwambie daktari kwamba nyumbani kuna paka wa aina hii. Paka nae apimwe, kuna taa maalumu ya mwanga wa zambarau ambayo baadhi ya fangasi hawa wanang'aa kijani, lakini asipong'aa haimaanishi hana, kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha manyoya maabara na majibu yanaweza kuchukua mpaka wiki tatu. Kwa sasa asilale kitandani kwa mtoto, na mkimshika mnawe mikono kwa sabuni. Baba mwambie fangasi wa paka anatibika, dawa ya kumeza anayoandika daktari pamoja na kumuosha na kusafisha nyumba, kazi ipo ila inaisha. Nimeona paka wengi wanaishia kutupwa soko la samaki Feri kwa ajili ya ugonjwa ambao una dawa, na inaniuma, kwa sababu nyumba inabaki na vimelea vile vile na paka anaenda kuwaambukiza wengine huko.

Kama viroboto mmemaliza na fangasi hayupo, na bado analamba, hapo daktari ataangalia utitiri kwa kukwangua ngozi kidogo, halafu chakula. Samaki ni moja ya vyakula vinavyoleta aleji kwa paka, pamoja na nyama ya ng'ombe na kuku, na wako anakula dagaa kila siku. Jaribio la chakula ni kumpa nyama ambayo hajawahi kula, sungura kwa mfano, kwa wiki nane bila kuonja kitu kingine, na wiki nane maana yake wiki nane, dagaa mmoja anayedondoshwa na mtoto anaharibu kila kitu, na nyama hiyo daktari ndiye akupangie ili asikose virutubisho. Kama analamba tumbo peke yake na anaenda kukojoa mara kwa mara au mkojo una damu, sema, maana maumivu ya kibofu yanamfanya alambe hapo.

Wengine watakuambia ni msongo wa mawazo. Unaweza kuwa, ila uwe wa mwisho kwenye orodha. Kuna watafiti walichapisha mwaka 2006, walichunguza paka 21 waliopelekwa kwao wakidhaniwa wanajinyonyoa kwa msongo, 16 kati yao wakakutwa na ugonjwa wa kuwasha na wawili tu ndio ilikuwa msongo peke yake.

Ombi langu moja, usikubali achomwe sindano ya kukata muwasho kabla hajapimwa. Atatulia kweli, manyoya yataanza kurudi, lakini kama ni fangasi sindano hizo zinampa nguvu huyo fangasi. Nenda kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, mchukulie video ukimkuta analamba, na usimuogeshe siku mbili tatu kabla ya kwenda. Akikuambia sampuli ziende maabara, pale Temeke kuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, muulize kama zinaweza kupelekwa huko. Chanzo kikishapatikana manyoya yanarudi ndani ya miezi miwili mitatu hivi. Na kwa vile ni mweupe, mkague ncha za masikio na pua, paka weupe wanaolala juani wanapata saratani ya ngozi, inaanza kama kigaga kisichopona.

SWALI: Dokta, paka wangu ana vipara viwili, kila upande kimoja kati ya jicho na sikio, anaumwa? Yupo hivyo tangu mdogo.
Msomaji, Kigamboni

JIBU: Haumwi. Sehemu hiyo paka wengi manyoya yao ni mepesi kwa kuzaliwa, na wenye manyoya mafupi meusi inaonekana zaidi. Ukiona wekundu, magamba au anatikisatikisa kichwa ndio umlete.