Betri iliyovimba na televisheni ya chogo

Swali: Simu yangu ya zamani betri imevimba hadi kifuniko kimeinuka. Pia nina televisheni ya chogo iliyokufa. Fundi wa chuma chakavu anataka kuivunja uani. Nimruhusu? – Msomaji, Jinja

Jibu: Usimruhusu, tafadhali. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na kikivunjwa vumbi lake hubaki pale watoto wanapocheza. Mpe ikiwa nzima mkusanyaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda. Nyaya nazo zisichomwe ili kupata shaba. Moshi wa plastiki ile ni sumu.

Betri ndiyo ya haraka. Uvimbe ni gesi iliyojaa ndani. Usiichaji tena, usiitoboe wala kuibonyeza kifuniko kirudi: tabaka zake zikigusana, huwaka ghafla. Kama inachomoka bila kukwanguliwa, itoe, ziba ncha zake za kupitishia umeme kwa utepe wa plastiki, ifukie kwenye kopo la mchanga mkavu, nje, kivulini. Iliyogandishwa kwa gundi iache. Fukia simu nzima. Usiitupe kwenye taka za nyumbani, kwani lori huzikandamiza. Laini na kadi ya kumbukumbu toa mapema.