Sukari ya mezani, asidi na molekuli moja ya maji

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba uliichemsha sukari ya mezani pamoja na asidi ya haidrokloriki, ukaongeza myeyusho wa Benedict (kipimo cha buluu cha kutambua sukari rahisi kama glukosi), na rangi ikabaki buluu badala ya kuwa nyekundu ya matofali. Inaelekea uliruka hatua moja, kwani Benedict huhitaji hali ya alkali. Hivyo baada ya kuchemsha, acha mchanganyiko upoe, tia sodiamu haidrojenikaboneti kidogo kidogo ili kuondoa asidi iliyobaki, mpaka povu likome, ndipo uongeze Benedict na kupasha moto tena.

Kuhusu nadharia, hesabu atomi mwenyewe: glukosi na fruktosi, kila moja ikiwa C6H12O6, zikiungana hutoa molekuli moja ya maji, na kinachobaki ni sukrosi, yaani sukari ya mezani, C12H22O11. Haidrolisisi, yaani kuvunja kwa maji kama ulivyofanya kwa asidi, huingiza maji mahali palepale na kifungo hukatika. Wanga na protini nazo hujengwa na kuvunjwa hivyo, ingawa mwilini ni vimeng'enya vinavyoharakisha kazi hiyo (watahini hupenda kuliuliza hili).

Pasha neli ndani ya bika la maji ya moto, si kwenye mwali wenyewe, vaa miwani ya kinga, na kuzimua asidi kali mwachie mwalimu au fundi wa maabara.