Je, ADF, M23 na Kata Katanga ni adui wa aina moja?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Naishi Lubumbashi, komini ya Katuba, lakini kwetu ni Beni, mashariki mwa Kongo. Hapa avenyu yetu watu wanasema ADF (kundi lililotoka Uganda, lililojiunga na Dola ya Kiislamu), M23 (waasi wa mashariki wanaosaidiwa na Rwanda), FDLR (wapiganaji Wahutu kutoka Rwanda) na Kata Katanga wote ni magaidi, wauawe pamoja na kabila zao na wote wanaowalisha. Dini inasemaje? Na nikimjua Mwislamu anayewasaidia ADF, kumtaja si kumsaliti ndugu?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mungu awarehemu watu wenu wa Beni na awape subira waliobaki.

Dini inatofautisha, tena kwa makini. Sayyidna Ali, khalifa wa nne, alipambana na Waislamu waliomwasi katika vita vya Ngamia, na bado akawaita ndugu zetu waliotuasi. Aliamuru majeruhi wao wasimalizwe na anayekimbia asifuatwe. Wakaja Makhawarij, kundi lililojitenga naye na kumwita kafiri yeye mwenyewe. Aliwaambia: hatutawazuia misikitini, hatutawanyima fungu lenu la mali ya umma, wala hatutaanza kuwapiga. Aliwavumilia hivyo mpaka walipomchinja Abdallah bin Khabbab na kumuua mkewe mjamzito. Hapo ndipo akawapiga, huko Nahrawan nchini Iraq, mwaka 38 Hijria. Kilichobadilisha hukumu ni damu waliyomwaga.

Basi Kata Katanga, walioingia mji huu Machi 2013 wakitaka jimbo lijitenge, ni waasi. Kwa wanaodai mambo ya siasa kwa bunduki, wakiwemo M23, Surat Al-Hujurat, aya ya 9, inaanza na suluhu. Akikataa mwenye kudhulumu, apigwe mpaka arudi, kisha suluhu tena, kwa uadilifu. Lakini muasi akiua wanakijiji, bendera yake haimkingi na hukumu ya muuaji. Nchi jirani ikituma jeshi, hiyo ni vita ya dola na dola, na ina mapatano yake.

ADF ni njia ya Makhawarij. Julai 2025 waliwaua waumini Wakatoliki waliokesha kanisani Komanda. Na Mei 2021 Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwakemea wenye siasa kali, alipigwa risasi akisali msikitini Beni. Nani basi atasema hawa wanatetea Uislamu? Kuwazuia ni wajibu wa serikali. Hata hivyo, Al-Maida, aya ya 34, inamtoa katika adhabu ya wanaowashambulia watu na kueneza ufisadi, iliyotajwa aya ya 33, anayetubu kabla hajakamatwa, ingawa damu ya watu itabaki shingoni mwake.

Mateka waliobebeshwa mizigo porini, mtoto aliyetekwa, mama aliyetoa muhogo akiwa ameelekezewa bunduki: hawa si adui, wamelazimishwa. Na kabila halina kosa. Anayemchoma moto jirani kwa sababu ya lugha yake amefanya kile kile anachowalaumu magaidi, na nalisema hili kwa uchungu, maana nasikia vijana wetu wakilishangilia.

Kuhusu Mwislamu unayemjua: Mtume (s.a.w.) alituamuru kumnusuru ndugu hata akiwa dhalimu, kwa kumzuia asidhulumu. Kumtaja si usaliti. Peleka kwa wenye mamlaka ulichokiona kwa macho yako: pesa aliyotuma, kijana aliyemsafirisha. Usipeleke jina lake kwa sababu ya ndevu, kanzu au fununu za sokoni.