QB wangu ananipa pointi kibao ila timu yake inapigwa kila wiki, nimuuze?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni Mtanzania niko Houston, kazini tuna ligi ya fantasi ya NFL (mpira wa Kimarekani) watu 12, kila mtu anaanzisha QB (yule mrusha mpira mkuu wa timu) mmoja tu na wachezaji wako unabaki nao mwaka hadi mwaka. Nina QB kijana anayekimbia sana na mpira, kila Jumapili ananiletea pointi 20 na kitu, lakini timu yake inapigwa tu na kwenye TV wanasema hafai. Sasa jamaa mmoja wa zamu ya usiku anataka nimpe huyo, yeye anipe QB wake wa pasi tupu, mtu hakimbii hata akifukuzwa na mbwa, pamoja na chaguo lake la raundi ya 2 kwenye drafti ijayo (zile zamu za kuchagua wachezaji wapya). Nikiangalia pointi, huyo wake yuko chini ya wangu. Nani mwenye thamani ya kweli hapo? Na hizi pointi zinapima nini hasa, maana FPL, fantasi ya Ligi Kuu ya England, naielewa ila hii ya Wamarekani inanichanganya.

JIBU: Salama kaka. Jina la QB wako ulilitaja ila nimelitoa, hao wa kazini kwako wanaweza kuwa wanasoma hapa biashara ikaharibika kabla haijaanza. Mimi kazi yangu ni stati za huu mpira, nakaa na mchezo mmoja mmoja naupigia hesabu, na hili swali kila mwezi wa nane drafti zikianza lazima nilipate, kwa hiyo twende.

Umeitaja FPL, basi tuanzie hukohuko. Kanté msimu wa 2016/17 pale Chelsea unamkumbuka? Bingwa wa ligi, mchezaji bora wa mwaka kwa kura za wachezaji wenzake, na ligi nzima kafunga goli 1. Nani alimpa Kanté ukapteni kwenye FPL? Hakuna, na aliyemwacha hakukosea, maana FPL ya wakati ule ilikuwa haimlipi mtu kwa kunyang'anya mipira katikati ya uwanja. Fantasi ni daftari la duka, linaandika kilichouzwa leo, nani alilinda mlango usiku kucha halina habari. NFL ni vilevile, tofauti ni kwamba kwa QB daftari lenyewe lina bei za ajabu.

Bei ni hizi. Ligi nyingi yadi 25 za pasi ni pointi 1, tachidauni (kufikisha mpira eneo la mwisho la adui) ya pasi ni 4, pasi ikinyakwa na adui unakatwa 2 (ligi zingine 1), yadi 10 za kukimbia ni pointi 1 na tachidauni ya kukimbia ni 6. Sasa geuza kila kitu kiwe yadi za pasi uone maajabu: yadi 1 ya kukimbia inakuwa sawa na yadi 2 na nusu za kurusha, tachidauni ya pasi inakuwa yadi 100, ya kukimbia inakuwa yadi 150. Ila uwanjani yadi ni yadi, wale jamaa wanaopima kwa mnyororo hawaulizi mpira umekuja kwa mguu au kwa mkono.

Halafu kuna kipimo wachambuzi wanakitumia miaka mingi, simpo tu unakipiga kwa kalkuleta ya simu: chukua yadi zote za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila pasi iliyonyakwa, toa yadi zote alizopoteza akiangushwa nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo, kisha gawanya kwa idadi ya pasi alizojaribu jumlisha na mara alizoangushwa. Linganisha hapo. Kwenye kipimo hiki pasi kunyakwa inauma zaidi ya mara mbili ya raha ya tachidauni. Kwenye fantasi ni kinyume, tachidauni moja inafuta makosa mawili. Na kuangushwa kwenye fantasi ya kawaida ni bure kabisa, hukatwi hata senti, wakati uwanjani umepoteza yadi kama 7 na jaribio limeenda, na timu ina majaribio manne tu ya kupata yadi 10.

Kwa hiyo QB anayeng'ang'ania mpira akitafuta makubwa, mara anaangushwa, mara inanyakwa, mara anatoka anakimbia yadi 30, huyo fantasi inampenda sana na kocha anazeeka mapema.

Mfano halisi unaofanana na kesi yako ni msimu wa 2022. Justin Fields akiwa Chicago Bears alikimbia yadi 1,143 na tachidauni 8, akarusha yadi 2,242 tu, tachidauni 17, pasi 11 zikanyakwa, akaangushwa mara 55. Jared Goff wa Detroit Lions mwaka huohuo alirusha yadi 4,438, tachidauni 29, zikanyakwa 7, akaangushwa 23, na kukimbia alikimbia yadi 73 msimu mzima, yaani hizo mwingine anazimaliza robo moja ya mechi. Piga pointi za fantasi kabla ya makato ya kudondosha mpira: Fields anakaribia 298, Goff 287 hivi. Na Fields alicheza mechi 15 wakati Goff kacheza 17, kwa hiyo kwa wiki ni karibu 20 kwa 17, kila Jumapili unampita mwenzako pointi 3. Ukienda kwenye kile kipimo cha yadi sasa, Goff yupo kwenye 7.4, Fields 4.6. Hiyo sio tofauti ndogo, ni kama mmoja anacheza ligi na mwingine yuko mazoezini. Lions walimaliza 9-8 (ushindi 9, vipigo 8), Bears 3-14, wa mwisho kabisa.

Tarehe 6 Novemba mwaka huo dhidi ya Miami, Fields alikimbia yadi 178, rekodi ya QB kwa mechi ya msimu wa kawaida. Aliyekuwa naye kwenye fantasi alipata zaidi ya 40 siku hiyo, nadhani alilala na jezi. Bears walifungwa 35-32.

Kwa nini inakuwa hivi? Kwa sababu fantasi haijui hali ya mchezo. Jaribio la tatu, zimebaki yadi 8, QB anarusha pasi fupi ya yadi 7: fantasi inampa 0.28, uwanjani timu inapiga mpira inamrudishia adui. Jaribio la tatu tena, zimebaki 2, anarusha ya yadi 3: fantasi 0.12, ila uwanjani mashambulizi yanaendelea na labda dakika 5 baadaye ni tachidauni. Hiyo ya pili ndiyo pasi ya pesa. Ndio maana sisi siku hizi tunatumia pointi tarajiwa, yaani kabla ya kila mchezo timu kwenye hali ile, jaribio la ngapi, yadi ngapi, iko wapi uwanjani, kwa kawaida ingetegemea kupata pointi ngapi, na baada ya mchezo inategemea ngapi, ile tofauti ndiyo unamwandikia QB. Data zake zipo bure mtandaoni, mtu mwenye laptop na uvumilivu anazipata. Kuna pia kulinganisha asilimia ya pasi zake zilizofika na zile zingetegemewa kufika kwa umbali na ugumu ule, hii inakuonyesha mkono wenyewe bila kelele.

Afu kuna zile dakika za mwisho timu imeshalala 31-10, ulinzi wa adui unarudi nyuma unamwachia QB pasi za katikati kama zawadi, maana saa inawafanyia kazi wao. Yadi zote hizo fantasi inazihesabu kama za fainali. Kwa hiyo QB wa timu mbovu sio kwamba anakupa pointi licha ya timu kuwa mbovu, mara nyingi ni kwa sababu ni mbovu. Blake Bortles 2015 na Jacksonville ndio mwalimu wa somo hili, yadi 4,428 na tachidauni 35, timu 5-11, na yeye mwenyewe akaongoza ligi kwa pasi kunyakwa, 18, na kwa kuangushwa, 51.

Ila mfalme ni Jameis Winston 2019, Tampa Bay. Yadi 5,109, nambari moja NFL nzima, tachidauni 33, na pasi 30 zikanyakwa. Thelathini kaka! Fantasi ikampa kama pointi 300. Patrick Mahomes wa Kansas City mwaka 2023, yule aliyemaliza msimu na kombe la Super Bowl, fainali ya NFL, mkononi, kwa bei hizohizo alipata kama 286. Kwa hiyo daftari linasema Winston wa 7-9 alikuwa bora kuliko Mahomes bingwa, na hakuna mkurugenzi wa timu hata mmoja aliyeliamini. Tampa walimwacha aende, wakamleta Tom Brady mzee wa miaka 42, wapokeaji wakuu ni walewale akina Evans na Godwin, pasi zilizonyakwa zikashuka kutoka 30 hadi 12 na Februari 2021 wakabeba kombe. Winston akaenda New Orleans kukaa benchi kwa mkataba wa mwaka 1, dola milioni 1.1 hivi, pesa ambayo kwa QB wa NFL ni nauli.

Sasa usinielewe vibaya ukaanza kudharau miguu. Kuna watu wanasikia haya wanakimbilia upande wa pili, QB akikimbia tu wanasema huyo sio QB. Ujinga. Lamar Jackson 2019 alikimbia yadi 1,206 na bado akarusha tachidauni 36 zikanyakwa 6 tu, Ravens 14-2, akapewa MVP (mchezaji bora wa msimu) na kila mpiga kura. Pale miguu ilikuwa inafungua ulinzi mzima, beki akisogea kumzuia yeye nyuma kunabaki wazi. Kwa hiyo unachotakiwa kujua ni je, anakimbia kwa mpango, au anakimbia kwa sababu ameangalia mpokeaji wa kwanza, hakumwona, akapaniki? Utamjua kwa kitu kimoja: angalia akibanwa anaangushwa mara ngapi. Wastani wa ligi unazunguka mara 1 kati ya 5. Kama wako anakaribia 1 kati ya 3, hilo ni tatizo lake mwenyewe, usimlaumu mtu wa laini anayemlinda.

Turudi kwenye biashara yako. Kuna mambo mawili watu wanayasahau.

La kwanza ni uhaba. Timu za NFL ziko 32 na QB wa kuaminika hawafiki idadi hiyo, ndio maana Dak Prescott, QB wa Dallas, mwaka 2024 alisaini wastani wa dola milioni 60 kwa mwaka. Kwenu nyie mko 12, mnaanzisha QB mmoja mmoja, kwa hiyo wa 13 na wa 14 wapo sokoni bure wanakusubiri. Brady wa msimu wa 2018, bingwa, hakuwa hata kwenye 10 wa juu wa fantasi, kwenye ligi kama yenu angeweza kuokotwa tu. Maana yake zile pointi 3 za ziada kwa wiki zina thamani, ila sio ya kutisha, na chaguo la raundi ya 2 kwenye ligi ya kubaki na wachezaji ni mkimbiaji au mpokeaji kijana wa miaka mingi.

La pili, na hili ndilo linaamua, ni kwamba QB akiwekwa benchi pointi zake ni sifuri. Hapa ndipo thamani ya uwanjani inakuja kukudai. Fields pamoja na zile yadi zote, Machi 2024 Bears walimtoa kwenda Pittsburgh kwa chaguo la raundi ya 6 lenye masharti, na huko akaanza mechi 6, akashinda 4, bado wakampisha mwingine. Mpokeaji wa wastani anaweza kuzeeka kikosini. QB wa wastani hana bahati hiyo, kazi ni moja kwa timu nzima na kila Aprili kuna kijana mpya anakuja. Na wenye timu nao wanadanganywa na msimu mmoja mzuri wa miguu, QB Daniel Jones 2022 alikimbia yadi 708, timu yake Giants wakampa miaka 4 kwa dola milioni 160, Novemba 2024 wakamwacha.

Kwa hiyo jibu langu: kama ligi yenu ingekuwa ya mwaka mmoja ningekwambia kataa, kula pointi zako, timu yake ikifungwa haikuhusu. Kwa kuwa mnabaki nao, mimi ningeuza, na ningeuza sasa hivi akiwa bado anafunga, kabla kocha hajafukuzwa. Kocha akifukuzwa anayekuja huwa anataka QB wake, na jamaa wa zamu ya usiku siku hiyo hata raundi ya 4 hatakupa. Kabla hujasaini angalia tu mambo matatu: huyo wa pasi mkataba wake unaisha lini, wako akibanwa anaangushwa mara ngapi, na timu ya wako ina chaguo la ngapi kwenye drafti ya NFL inayokuja. Likiwa ndani ya matano ya kwanza, usilale leo, mpigie.

Na muulize kamishna wenu, yaani msimamizi wa ligi, kama pasi kunyakwa kwenu ni -1 au -2. Ikiwa -1 huyo wako anang'aa zaidi kwenye karatasi, kwa hiyo kabla hujakubali jaribu kuomba na chaguo la raundi ya 3 juu yake.