Mtamba anazaa kwa mara ya kwanza: nimvute au nisubiri?

SWALI: Shikamoo daktari. Ni mfugaji mdogo hapa Pongwe, Tanga. Nina mtamba (ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa) chotara wa Friesian, alihimilishwa (alipandishwa kwa mrija) na anatarajiwa kuzaa mwezi ujao. Majirani wananiambia niandae kamba ya katani na vijana watatu wa kumvuta ndama, na kondo la nyuma likichelewa nilifungie jiwe lishuke. Je, ni sahihi? Nitajuaje kwamba amekwama kweli?

JIBU: Marahaba. Hao vijana watatu ndio walionitia hofu kuliko yote. Mtamba akivutwa kabla njia haijafunguka anachanika, anaweza kupooza miguu ya nyuma, na ndama anaweza kuvunjika mguu au mbavu. Lakini akiachwa muda mrefu mno, ndama anakosa hewa na kufa tumboni. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kuandaa ni saa, hata ya simu.

Mimba ya ng'ombe huchukua siku 280 hivi. Hesabu kuanzia tarehe ya uhimilishaji. Siku zikikaribia kiwele kinajaa, uke unalegea, na kano za pembeni mwa shina la mkia, ambazo kwa kawaida ni ngumu, zinakuwa laini hadi vidole vinazama ukizibonyeza. Akifika hapo muweke peke yake penye nyasi kavu nyingi, hasa kipindi cha masika ambapo sakafu ya banda hushinda imelowa. Chakula kikuu mpe jioni: ng'ombe wanaolishwa jioni wengi huzaa mchana, na mchana ni rahisi kumpata mtaalamu.

Uchungu ukianza utamwona anahangaika, analala na kuinuka, anainua mkia. Kwa ng'ombe aliyezoea kuzaa hali hii huchukua saa 2 hadi 6. Kwa mtamba inaweza kupita saa 12. Usimguse, na watu wasijazane bandani, maana hofu husimamisha uchungu.

Chupa ya uzazi (mfuko wa maji) ikitokeza, hapo ndipo uangalie saa. Mtamba mpe muda usiozidi saa mbili, mradi kila nusu saa uone hatua: kwato zimetokeza, kisha pua, kisha kichwa. Akisukuma kwa nguvu nusu saa nzima na hakuna kilichoongezeka, mpigie simu daktari au ofisa mifugo wako. Usisubiri hata dakika ukiona mguu mmoja tu, mkia, kichwa kisicho na miguu, au damu nyingi mbichi.

Ndama aliyekaa vizuri hutanguliza miguu miwili ya mbele, nyayo za kwato zikitazama chini na pua ikiwa imelala juu ya miguu. Nyayo zikitazama juu, huenda hiyo ni miguu ya nyuma, au ndama amelala chali. Osha mkono kwa sabuni, vaa glovu ndefu, kisha ufuate mguu taratibu kutoka kwenye kwato kwenda ndani. Viungo viwili vya kwanza vikikunjika upande mmoja, huo ni mguu wa mbele. Vikikunjika pande tofauti, ni wa nyuma. Ukikuta ni wa nyuma, ita mtaalamu, usivute.

Kama amekaa vizuri na muda umepita, mtu mmoja au wawili wanatosha. Kamba ya katani iache. Najua Tanga haikosi katani, lakini ile kamba inakwaruza ngozi na kubeba uchafu. Tumia kamba laini ya pamba au nailoni iliyochemshwa, uifunge juu ya kifundo kilicho juu ya kwato, kila mguu na kamba yake. Paka njia mafuta safi ya kulainisha. Vuta mama anaposukuma tu, akipumzika nawe pumzika. Vuta mguu mmoja kisha mwingine ili mabega yapite kwa zamu. Kichwa kikishatoka, elekeza mvuto chini kuelekea miguu ya nyuma ya mama.

Ndama akitoka, mfute pua na mdomo, chovya kitovu kwenye tinkcha ya aidini, na umnyweshe dang'a (maziwa ya kwanza ya mama) mapema: lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za kwanza. Hili usilicheleweshe, kwa sababu ndama huzaliwa bila kinga na utumbo wake huacha kupokea kinga ya dang'a kadiri saa zinavyopita.

Sasa jiwe: usilifunge kabisa. Kondo kwa kawaida hutoka lenyewe ndani ya saa 12. Ukilining'inizia uzito linakatika, vipande vinabaki na kuoza ndani, na kizazi kinaweza kuharibika asishike mimba tena. Likipita saa 24, au mapema zaidi akiwa na homa, hataki kula au anatoa harufu kali, ita daktari ampe dawa. Wala usilivute kwa mkono. Likitoka, lishike kwa glovu na ulifukie shimo refu mbwa wasilifikie, kwa kuwa ugonjwa wa kutupa mimba huambukiza watu kupitia kondo na majimaji ya uzazi.